Kondoo wa Majabali: Njia Huijua Mama

Ndugu msomaji, katika mazungumzo yetu ya kila siku kondoo hana sifa kubwa. Tukitaka kumsifu mtu kwa utaratibu wake, twasema ni mpole kama kondoo. Na tukitaka kumlaumu kwa kukosa shauri lake mwenyewe, twasema anafuata tu kama kondoo. Sokoni tunamwona amefungwa kamba, kichwa chini, akimngoja mnunuzi. Siku ya sikukuu tunamwona uani, watoto wamemzunguka. Ni vigumu kumdhania mnyama huyo kuwa bingwa wa magenge, awezaye kusimama penye ukingo wa jabali usiotosha unyayo wa mtu, na kushuka mahali ambapo mwanadamu hapashuki bila ya kamba.

Hata hivyo, kondoo wa namna hiyo wapo. Wako katika milima ya Asia, tangu Uturuki hadi mashariki ya Siberia. Na wako katika Amerika ya Kaskazini, tangu Kanada hadi Meksiko. Leo tutazungumza habari za mmoja wao: kondoo wa pembe kubwa, akaaye katika Milima ya Rocky na katika majangwa yenye milima ya magharibi ya Marekani.

Huenda ukauliza, yatuhusu nini sisi habari za mnyama wa mbali hivyo, nasi tunao tembo na nyumbu wetu? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba katika maisha ya kondoo huyo yamo mambo mawili ambayo kila mzazi na kila mwenye mifugo atayatambua. La kwanza ni elimu ambayo mama humpa mtoto, na hasara ipatikanayo elimu hiyo ikikatika. La pili ni maradhi ambayo mnyama wa kufugwa humwambukiza ndugu yake wa porini bila ya mtu yeyote kukusudia. Mambo hayo mawili yakikutana, kundi zima la wanyama laweza kutoweka, na kulirudisha ni kazi ya miaka mingi.

UMBO LAKE NA SILAHA YAKE

Dume aliyekomaa aweza kupita uzito wa kilo 100, na walio wakubwa zaidi hufika kilo 130. Pembe zake ni nene, zimejikunja nyuma ya masikio na kurudi mbele kama gamba la konokono. Pembe mbili pamoja na mifupa yake zaweza kufika kilo 14. Jike ni mdogo wa umbo, na pembe zake ni fupi, zilizopinda kidogo tu. Pembe hizo hazianguki. Hukua mwaka hata mwaka, na wakati wa baridi kali ukuaji wake hupungua na kuacha alama ya mviringo. Kwa hiyo mtaalamu akizihesabu alama hizo huweza kuukadiria umri wa mnyama, kama vile mkata mbao ahesabuvyo miviringo ya gogo.

Kwato zake zina ukingo mgumu wa kushika ufa wa mwamba, na katikati ni laini, hata zisiteleze juu ya jiwe. Macho yake huona mbali sana. Chakula chake ni nyasi na majani ya vichaka vifupi. Hula upesi mahali pa wazi, kisha hupanda mwambani akalala na kucheua kwa utulivu, kwani mnyama huyu hapambani na adui zake wala hawashindi kwa mbio. Silaha yake ni genge. Akitokea mbwa-mwitu wa nchi za baridi, au puma, yule paka mkubwa wa milima ya Amerika, kondoo hukimbilia majabali ambako adui huogopa kuteleza. Ndiyo maana hapendi msitu mnene. Mahali asipoweza kuona mbali, wala asipokuwa na jabali karibu, kwake ni mahali pa kifo.

Kwa sehemu kubwa ya mwaka madume hukaa mbali na majike. Hukutana majira ya kupandana, aghalabu mwezi wa Novemba na Desemba katika milima ya kaskazini. Hapo ndipo madume hupimana nguvu. Wawili hurudi nyuma, husimama kwa miguu ya nyuma, kisha hukimbiliana na kugonganisha vichwa kwa kishindo kisikikacho ng'ambo ya bonde. Fuvu lao limejengwa kwa namna ya kuvumilia mapigo hayo.

Baada ya miezi sita hivi, katika mwezi wa Mei au Juni, jike hujitenga peke yake penye majabali magumu kuliko yote na kuzaa mtoto mmoja. Baada ya siku chache mtoto huyo huweza kumfuata mama yake mwambani. Tangu hapo shule imefunguliwa.

ASIYEFUNZWA NA MAMAYE

Milima ina majira yake. Wakati wa baridi theluji huzika malisho ya juu, na kondoo wengi hushuka mabondeni au kwenye miteremko ipigwayo na upepo ambako theluji haikai. Jua likianza kupata nguvu, theluji huyeyuka kuanzia chini kwenda juu, na nyasi huchipua kwa utaratibu huo huo. Nyasi changa ndizo zenye lishe bora. Kondoo ajuaye kazi yake huufuata uchipuaji huo hatua kwa hatua, wiki hata wiki, akipanda mlima sawa na majani yanavyochipua, mpaka kufika malisho ya kileleni katikati ya kiangazi.

Je, ni nani aliyemwonyesha njia hiyo? Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba mnyama huzaliwa nayo, kama bata azaliwavyo na kuogelea. Lakini mtaalamu Valerius Geist, aliyeishi miaka mingi akiwachunguza kondoo wa milimani huko Kanada, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba kondoo vijana huzirithi njia na malisho kwa kuwafuata wakubwa wao. Jike kijana humfuata mama yake na majike wazee. Dume kijana, akiisha kuacha kundi la mama yake, huwafuata madume wakubwa. Bonde lisilojulikana na mkubwa yeyote wa kundi, mara nyingi kundi haliingii, hata kama limejaa nyasi.

Uthibitisho mkubwa ulipatikana baadaye. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wyoming na wenzao walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa kuwavisha wanyama mikanda ya shingoni yenye chombo cha kuonyesha mahali walipo. Waliwalinganisha kondoo wa makundi ya kale, yaliyokaa mlima mmoja tangu zamani, na kondoo waliohamishwa na watu na kuachiwa katika milima migeni kwao. Katika makundi ya kale, kondoo kati ya 65 na 100 katika kila 100 walihama kufuata majira. Miongoni mwa waliohamishwa karibuni, hawakufika hata 9 katika kila 100. Wengine wote walikaa papo hapo walipofunguliwa kutoka kwenye magari, ingawa malisho mazuri yalikuwa juu yao mlimani.

Wataalamu hao hawakuishia hapo. Walipochunguza makundi yaliyokwisha kukaa mahali pamoja kwa miaka mbalimbali, waliona kuwa elimu hujengeka polepole. Kizazi kimoja hujifunza kidogo, humfunza mtoto, na mtoto huongeza lake. Kwa kondoo ilichukua miaka kama 40 hadi wengi wao wawe wamejua kuhama. Kwa musi, mnyama mkubwa wa ukoo wa kulungu akaaye misitu ya kaskazini, ilichukua miaka kama 90.

Ndugu msomaji, yatafakari maneno hayo. Wengi wetu tumekuja mjini tukiwa wageni. Aliyepokewa na mjomba au shangazi alionyeshwa siku ya kwanza kituo cha basi, soko lenye bei nafuu, na mtaa usiofaa kupitwa usiku. Asiyekuwa na mwenyeji alijifunza kwa kupotea na kuibiwa. Kondoo aliyepelekwa mlima mgeni hana shangazi huko. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa kondoo wa majabali ulimwengu humfunza kwa njaa na theluji.

BUNDUKI ILIVYOPUNGUZA MAKUNDI

Kabla ya wahamiaji kutoka Ulaya kuienea nchi ile, kondoo wa pembe kubwa walikuwa wengi sana. Wenyeji waliwawinda kwa chakula na mavazi. Watu wa kabila la Shoshone waliokaa milima ya Yellowstone walijulikana kwa jina la wala-kondoo, na pinde zao zilizotengenezwa kwa pembe za mnyama huyo zilisifiwa kwa nguvu zake.

Katika karne ya 19 mambo yalibadilika. Walikuja watafuta dhahabu, wajenzi wa reli na walowezi, na wote walihitaji nyama. Kondoo aliuawa kwa biashara bila kipimo. Pamoja na bunduki yalikuja makundi makubwa ya kondoo wa kufugwa, yakapandishwa milimani kila kiangazi. Yalikula malisho, na yalileta maradhi. Kabla ya nusu ya karne ya 20 kufika, kondoo wa porini walikuwa wamekwisha kabisa katika majimbo kadhaa, yakiwamo North Dakota, Washington na Oregon.

Ndipo sheria za uwindaji zilipokazwa, na kazi ya kuwarudisha ikaanza. Maelfu ya kondoo walikamatwa katika milima iliyobaki nao, wakapakiwa na kupelekwa katika milima iliyokuwa mitupu. Ni haki kusema kuwa sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo ilitolewa na wawindaji wenyewe. Majimbo huuza kwa mnada vibali vichache, wakati mwingine kibali kimoja tu kwa mwaka. Na mwaka 2013 kibali kimoja cha jimbo la Montana kiliuzwa kwa zaidi ya dola 400,000.

Hata hivyo, uwindaji nao una hesabu yake. Katika mlima uitwao Ram Mountain, jimbo la Alberta, Kanada, kondoo wamekuwa wakipimwa mmoja mmoja kwa miongo mingi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2003 ilionyesha kwamba katika miaka 30 ya kuwapiga madume wenye pembe kubwa kuliko wenzao, pembe za kundi lile zilikuwa zimepungua kizazi hata kizazi. Sababu yake haihitaji elimu kubwa kuielewa. Mkulima alaye mbegu bora na kupanda zilizobaki asishangae mavuno yake yakipungua. Dume mwenye pembe zinazokua upesi alipigwa risasi angali kijana, kabla hajapata nafasi ya kuzaa watoto wengi.

PUMZI YA NDUGU

Lakini siku hizi bunduki siyo hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa ni pumzi.

Mwaka 1989 ilichapishwa taarifa ya jaribio lililofanywa katika jimbo la Washington. Kondoo sita wa pembe kubwa, wazima wa afya, waliwekwa pamoja na kondoo wa kufugwa waliokuwa wazima vile vile. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Baada ya muda kondoo wote sita wa porini walikuwa wamekufa kwa kichomi, yaani ugonjwa wa mapafu. Wale wa kufugwa waliendelea kula na kunenepa.

Uchunguzi uliofuata ulimtambua mshiriki mkubwa wa maafa hayo: kijidudu cha jamii ya mikoplazma ambacho hukaa puani na kooni mwa kondoo na mbuzi wa kufugwa. Mifugo imeishi nacho kwa muda mrefu sana, na kwa kawaida huwasumbua kidogo tu. Kondoo wa pembe kubwa hawana mazoea hayo. Kijidudu hicho hushambulia vinyweleo vidogo sana vilivyomo katika njia ya hewa, ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu usiingie mapafuni. Ufagio ukiharibika, vijidudu vingine hushuka bila kizuizi, na mapafu hujaa usaha. Huwa kama nyumba iliyoondolewa mlinzi: mwizi mmoja amevunja mlango, na wengine wameingia.

Huenezwaje? Mara nyingi ni kwa safari ya dume kijana. Majira ya kupandana yakifika, kijana huyo huteremka kutafuta majike. Akikutana na kondoo wa kufugwa bondeni, hawajui kuwa ni hatari. Kwake hao ni jamaa. Hunusana nao pua kwa pua, hukaa nao siku mbili tatu, kisha hurudi mlimani kwa wenziwe. Baada ya wiki chache kundi huanza kukohoa.

Katika majira ya baridi ya mwaka 2009 na 2010 maradhi hayo yaliyazuka makundi mengi katika majimbo kadhaa ya magharibi ya Marekani kwa wakati mmoja, na mamia ya kondoo walikufa. Lakini msiba haumaliziki siku ya maziko. Baadhi ya majike hupona, wakabaki na kijidudu puani mwao bila kuugua. Mwaka unaofuata huzaa watoto wazima, wazuri, wenye kuruka-ruka juu ya miamba. Watoto hao wakifika umri wa mwezi mmoja hadi mitatu huanza kulegea, masikio hushuka, nao hufa mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa pili huwa vivyo hivyo, na wa tatu. Kundi huonekana lipo, kumbe halina vijana.

Hapo ndipo mambo yale mawili niliyoyataja mwanzoni hukutana. Maradhi yakiwaua majike wazee, njia za mlimani hufa pamoja nao. Yakiwaua watoto, hata wazee waliosalia hukosa wa kumfunza. Serikali yaweza kuleta kondoo wengine kwa magari na helikopta, lakini haiwezi kuileta ile miaka 40.

TULIYOYAONA WENYEWE KWA NYUMBU

Msomaji wa hapa kwetu asidhani kuwa habari ya maradhi ya mifugo kumwua mnyama wa porini ni ya ng'ambo tu. Sisi tuliijua zamani, na jina lake ni sotoka.

Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki ikitokea Ethiopia mwanzoni mwa miaka ya 1890. Iliua ng'ombe karibu wote wa wafugaji, na njaa iliyofuata iliwaua watu wengi, hasa Wamasai. Nyati na nyumbu walikufa pia kwa wingi usiohesabika. Kwa miaka mingi baadaye ugonjwa huo uliendelea kuwaua ndama wa nyumbu wa Serengeti, hata baadhi ya watu wakaamini kwamba nyumbu ndio wenye kuutunza na kuwaambukiza ng'ombe.

Chanjo ya ng'ombe ndiyo iliyofichua ukweli. Ng'ombe wanaokaa kandokando ya Serengeti walipochanjwa kwa wingi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sotoka ilitoweka kwa nyumbu wenyewe, ambao hakuna aliyewachanja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kufika mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja. Kumbe chanzo kilikuwa zizini. Daktari Walter Plowright, aliyefanya kazi yake Muguga nchini Kenya, ndiye aliyetengeneza chanjo iliyotumika baadaye kuuondoa ugonjwa huo katika nchi nyingi. Na mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kuwa sotoka imekwisha kabisa duniani.

Maradhi huweza pia kwenda upande wa pili. Ndama wachanga wa nyumbu wana virusi visivyowadhuru wenyewe lakini vyenye kumwua ng'ombe. Wafugaji wa Kimasai walilijua jambo hilo kabla ya wataalamu kulieleza kwa darubini. Nyumbu wakizaa katika mbuga fupi za kusini ya Serengeti, wafugaji huwaondoa ng'ombe wao mahali hapo, ingawa nyasi zake ni tamu. Hawakumchukia nyumbu wala hawakumwangamiza. Walimpisha kwa muda.

Na sasa kuna ugonjwa mwingine, sotoka ya mbuzi na kondoo, uliothibitishwa kaskazini ya Tanzania mwaka 2008. Huko Mongolia ugonjwa huo ulitoka kwa mifugo mwishoni mwa mwaka 2016 ukaua maelfu ya saiga, mnyama wa mbugani afananaye na swala, mwenye pua kubwa. Na kondoo wa porini na mbuzi wa milimani pia walikutwa wamekufa. Mataifa yamejiwekea shabaha ya kuumaliza ifikapo mwaka 2030, na silaha iliyopo ni ile ile iliyoishinda sotoka ya ng'ombe: kuwachanja mifugo.

MCHUNGAJI NAYE ANA WATOTO

Bahati mbaya, kondoo wa pembe kubwa bado hawana chanjo iliyofanikiwa kuwakinga porini. Dawa iliyobaki ni ile ya Wamasai: kupishana. Na kupishana kuna gharama.

Katika milima ya magharibi ya Marekani familia nyingi zimeishi kwa ufugaji wa kondoo tangu enzi za mababu. Kazi ya kuchunga hufanywa aghalabu na vibarua wa mkataba, wengi wao kutoka Peru, walioacha wake na watoto nyumbani na kukaa peke yao mlimani na mbwa wao kwa miezi mingi. Mtu anayesema tu kwamba kondoo wa kufugwa waondolewe, bila kumfikiria mtu huyo, amesema nusu ya maneno. Mwaka 2010 wasimamizi wa msitu wa taifa wa Payette, katika jimbo la Idaho, waliamua kupunguza malisho ya kondoo wa kufugwa kwa kiasi kikubwa ili kuwaokoa wale wa porini. Wafugaji walishtaki, na shauri hilo lilichukua miaka kabla ya uamuzi ule kuthibitishwa mahakamani.

Mahali pengine imetumika njia ya mapatano. Vyama vya hifadhi hukusanya fedha, kisha humlipa mfugaji aliye tayari kuacha haki yake ya kulisha karibu na makundi ya porini, naye hutafuta malisho mahali pengine au hugeukia ng'ombe, ambao hawana hatari hiyo kubwa. Wafugaji wadogo wenye kondoo na mbuzi wachache nyumbani hushauriwa kuwapima na kujenga ua imara. Na katika baadhi ya makundi ya porini wataalamu wamewapima majike mmoja mmoja, wakawaondoa wale wachache waliokuwa wakikibeba kijidudu mwaka hata mwaka. Baada ya kufanya hivyo, katika makundi kadhaa watoto wameanza tena kuishi hadi utu uzima.

Mfano mmoja wa matumaini ni kondoo wa milima ya Sierra Nevada, jimbo la California. Walipoandikwa na serikali kuu kuwa wamo hatarini, mwaka 1999, walibaki kama 125 tu. Kwa kuwatenga na kondoo wa kufugwa, kwa kuwadhibiti puma mahali palipolazimu, na kwa kuwarudisha polepole katika milima yao ya zamani, walifika kama 600 baada ya miaka ipatayo 15. Kisha yakaja majira ya baridi ya mwaka 2022 na 2023, yenye theluji isiyo ya kawaida, na wengi wakafa. Kwa hiyo wahifadhi wamerudi tena kazini. Kazi ya namna hii haina siku ya kukunja mkeka.

TUJIFUNZE NINI?

Ndugu msomaji, pengine wewe ni karani, fundi wa karakana au mwuguzi, na mlima ulio karibu nawe ni ngazi za ghorofa. Lakini ni wachache kati yetu wasio na mbuzi wawili watatu kijijini, chini ya uangalizi wa mama au kaka. Likizo ijayo, ukienda kuwasalimu, waulize kama mifugo hiyo imechanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Ukinunua mbuzi mnadani, usimwingize zizini siku hiyo hiyo. Mtenge kwanza wiki mbili tatu, umwangalie. Fedha utakayoiokoa ni yako mwenyewe; na ikiwa kijiji kinapakana na hifadhi, utakuwa umewakinga hata wanyama usiowaona.

Na siku utakapowapeleka watoto Mikumi au mbuga nyingine, wakawaona tembo wakivuka barabara kwa mstari, waonyeshe yule jike mkubwa atanguliaye. Waulize, yeye amejuaje kuwa maji yako upande ule? Mtoto atakayejibu kwamba alionyeshwa na mama yake amejibu vema. Kisha muulize swali la pili: je, mama huyo angekufa kabla ya kumwonyesha, ingekuwaje? Wacheni wajadiliane garini wakati wa kurudi. Safari ni ndefu, na swali lenyewe halitaki haraka.